Kaka alipita ukutani kichwa chini

Jana mchana yule wangu wa mwisho alitakiwa awe amelala, mara namuona kaja peku peku, ananiambia, "Mama, kuna mtu anatembea ukutani, kichwa chini miguu juu." Nikaacha kila nilichokuwa nafanya. Maneno hayo hayo niliyasema mimi nikiwa na miaka tisa, na aliyeniamini alikuwa babu peke yake.

Nilikuwa na homa. Siku ya tatu sijui ya nne, macho hayataki mwanga hata kidogo, basi wakafunga dirisha la mbao na kila penye upenyo wakaziba na nguo, chumba kikawa giza totoro saa saba mchana. Kwenye ule ubao wa dirisha palikuwa na tundu la msumari uliong'oka, hilo hakuna aliyelikumbuka. Nimelala nimeelekea ukuta wa upande wa pili, macho yanazoea giza taratibu, na pale ukutani rangi zikaanza kujitokeza. Ubuluu chini karibu na sakafu, kijani kwa juu. Halafu kitu chekundu kikaingia, kinaning'inia kama popo ila kinatembea, nikalitambua shati la kaka yangu. Ni kaka mwenyewe kabisa, urefu wake kama mkono wangu toka kiwiko, kabeba ndoo, na maji yanayomwagika kwenye ile ndoo yanaenda JUU. Sauti ya hatua zake naisikia nje inaelekea kulia, yeye ukutani anaelekea kushoto. Mpaka leo nikifumba macho nayaona yale maji yanavyopanda.

Nikapiga kelele. Wakaja mbio, mlango ukafunguliwa, mwanga ukajaa, na ukuta ukawa ukuta tu. Anaweweseka huyu, wakasema, homa imempanda kichwani, nikawekewa kitambaa cha maji kwenye paji la uso wakaondoka.

Babu akabaki. Akafunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda, kimya. Mi naogopa asije akakosa kuona. Tukakaa hivyo hivyo mpaka macho yake nayo yakazoea, kisha nikamsikia, "Aaah." Akasimama, ile picha yote ikamwangukia mgongoni, miti na anga, akageuka akatafuta inakotokea, akanyanyua kidole akaziba tundu. Dunia ikazimika. Akatoa kidole, ikarudi. Akaziba tena, akatoa, yaani mara nne tano, polepole, kama mtu anayehakikisha. Halafu akapaza sauti: "Mwanangu, hebu kasimame pale juani uinue mkono!" Mama huko nje anauliza, "Mkono wa nini tena baba?" lakini akaenda, na ukutani tukamuona mama yangu, kawa kadogo, kichwa chini, ananyoosha mkono kuelekea sakafuni. Babu akacheka mpaka akakaa. Akaniambia, "Si homa hiyo, mjukuu wangu," basi, hakuongeza neno.

Maelezo nilikuja kuyapata sekondari. Mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo unaotoka kichwani mwa mtu ukipita kwenye tundu dogo unatua chini, wa miguuni unatua juu, wa kulia unaenda kushoto. Mtu wa mita 1.6 akiwa mita 10 nje, kwenye ukuta ulio mita 3 kutoka tunduni anapata sentimita 48. Tundu likiwa dogo picha inakuwa kali ila hafifu, ukilipanua inang'aa lakini inavurugika, na kwa vile ilikuwa hafifu, mlango ulivyofunguliwa mwanga ukaimeza, sikuwa na ushahidi tena. Hata ndani ya jicho picha inatua kichwa chini, ubongo ndo unatupa dunia iliyosimama. Na yale maduara ya mwanga chini ya mti, ambayo wote tumeyakanyaga utotoni, ni picha za jua lenyewe, kila upenyo wa majani na picha yake, na jua likipatwa nusu utakuta yote yamekuwa vijihilali. Hilo la maduara nilivyolijua sikulala.

Kilichonigusa zaidi ni Ibn al-Haytham, mwanazuoni mzaliwa wa Basra, Iraq ya leo, ambaye kule Kairo kwenye miaka ya 1011 hadi 1021 aliandika kitabu kikubwa kuhusu mwanga na kuona. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, kila taa ikatoa doa lake ukutani, akifunika moja ni doa la taa hiyo tu linalopotea. Nilivyosoma hapo nikaona kidole cha babu.

Sasa babu alikuwa anajua, au aliona siku ile kama mimi? Alifariki kabla sijapata akili ya kumuuliza. Siku nyingine nasema alijua zamani, mbona hakushangaa kwamba ni tundu. Halafu nakumbuka ile "aaah" na sina uhakika tena.

Kwa hiyo jana niliingia chumbani na mtoto, pazia zito limefungwa, kijitundu kiko pale, na maelezo yote yameshanijaa mdomoni. Nikamuona anavyoutazama ukuta. Nikameza. Nikamwambia panda kitandani, ziba kile kitundu na kidole, halafu toa.

Mi nikatoka nje, nikasimama juani mbele ya dirisha, ambapo sioni chochote anachokiona yeye, nikainua mkono. Kimya. Kimya kirefu hadi nikaanza kufikiri labda wingu limepita.

"Mama! Umeushusha!"

Nikainua na wa pili.