Programu sahihi, alama sifuri

Mfumo wa kusahihisha mazoezi ya lugha ya programu ya Python hapa chuoni niliurithi kwa mtu aliyekwisha kuhamia kazi nyingine, na hakuacha maelezo yoyote zaidi ya faili moja la mipangilio. Unavyofanya kazi si fumbo. Mwanafunzi anapakia faili lake, seva inawasha kontena jipya la Docker (chumba kilichotengwa ndani ya seva cha kuendeshea programu), inaiendesha programu humo ndani na kuilisha data za majaribio, inalinganisha jibu na lile linalotarajiwa, inaandika alama, kisha inalifuta kontena. Ndani ya kontena hakuna intaneti, na kuna kikomo cha kumbukumbu na kikomo cha muda. Ukiwaachia mwaka wa kwanza seva bila vikomo, hakosekani wa kuandika kitanzi kisichoisha, tena bila nia mbaya.

Tabu ni kwamba likitokea lolote, mwanafunzi anaonyeshwa neno moja: "Imeshindwa". Jibu limekosewa, imeshindwa. Muda umeisha, imeshindwa. Kumbukumbu imejaa, imeshindwa. Basi anakuja mlangoni na laptopu mkononi: "Shikamoo mwalimu. Hebu tazama mwenyewe, kwangu inakubali." Unatazama, na kweli inakubali.

Niliamua kuachana na laptopu za wanafunzi, maana sizo zinazosahihisha. Nikachukua amri ileile ambayo seva hutumia kuwasha kontena, nikaiendesha kwa mkono, vikomo vyote vikiwa palepale, ila nikaondoa `--rm`, kile kipande kinacholifuta kontena likishazima. Nimeona watu wakiingia ndani ya kontena kwa `docker run -it` tupu, yaani bila kuweka vikomo, programu inakwenda vizuri, nao wanatoka wakimlaumu mwanafunzi. Lakini kontena lisilo na vikomo silo lililotoa sifuri.

Kontena la kwanza nililoliacha bila kufutwa lilikuwa limezima na kuacha namba 137, namba inayoeleza jinsi programu ilivyoisha. Kwa kawaida namba inayozidi 128 maana yake programu imeuawa kwa ishara, yaani amri ambayo mfumo huitumia programu, na ukitoa 128 hapo inabaki 9, ishara ya kuua papo hapo bila onyo. Nani aliyeua sasa? Wengi hukimbilia kusema kumbukumbu, kumbe hata amri ya `timeout`, inayokatisha programu muda ukiisha, ikiambiwa itumie ishara ya 9 hutoa 137 hiyohiyo. `docker inspect`, amri inayoonyesha hali ya kontena, ndiyo iliyomaliza ubishi: `"OOMKilled": true`, yaani limeuawa kwa kuishiwa kumbukumbu. Zoezi lilihusu namba tasa hadi milioni 10, na kijana alikuwa ameanza kwa kuzimwaga namba zote kwenye orodha. Katika Python ya biti 64 kila nafasi ya orodha hula baiti 8, na namba yenyewe baiti 28 nyingine. Piga hesabu: kama MB 360, ndani ya kontena la MB 128. Laptopu yake ya GB 8 haikuhisi chochote. Alipotumia `bytearray`, inayotumia baiti moja kwa kila nafasi, badala ya orodha, MB 10 zikamtosha.

Kosa lililofuata liliniudhi zaidi. Kwenye ukurasa wa matokeo, jibu la mwanafunzi na jibu linalotarajiwa yalikuwa yaleyale, "Karibu, Asha!" na "Karibu, Asha!", alama sifuri. Nilipoendesha kwa mkono, terminali ikaniandikia hivi: `!aribu, Asha`. Herufi ya kwanza imemezwa na alama ya mshangao. Nikapitisha jibu kwenye `cat -A`, amri inayofichua herufi zisizoonekana, na mchawi akaonekana: `Karibu, Asha^M!$`. Faili la data za majaribio lilikuwa limeandikwa kwenye Windows, ambako kila mstari huishia na herufi mbili zisizoonekana badala ya moja. Python ndani ya Linux huondoa moja tu na kuiacha nyingine, hiyo `^M` inayoirudisha terminali mwanzo wa mstari, imening'inia mwishoni mwa jina. Waliosoma namba hawakuathirika, kwa sababu `int()`, inayogeuza maandishi kuwa namba, hupuuza takataka za aina hiyo. Waliozoea kuandika `.strip()`, inayofuta nafasi na herufi kama hizo pembeni mwa maandishi, nao walipona. Waliobaki walipata sifuri kwa kosa la faili ambalo hawajawahi hata kuliona. Faili nililisafisha, na seva sasa hukataa data yoyote ya majaribio yenye herufi hiyo.

Kisha kukawa na lile la usiku. Zoezi lilitaka programu isome tarehe ya kuzaliwa na itoe umri kwa siku. Malalamiko yalikuja machache machache, na kila nilipoliendesha faili la mlalamikaji asubuhi, lilipita bila shida. Hakuna kinachochosha kama kosa linalojificha ukilitafuta. Nilipoyapanga yote yaliyoshindwa kwa saa ya kupakiwa, hakukuwa na hata moja nje ya kipindi cha saa sita hadi saa tisa usiku. Ni muda wa bando la usiku, wanafunzi wengi hupakia kazi saa hizo kwa kuwa ni nafuu. Seva ilikokotoa jibu sahihi kwa saa za Afrika Mashariki, lakini kontena, kama halikuambiwa vingine, huishi kwa saa za UTC, saa za kimataifa za marejeo, saa tatu nyuma yetu. Sisi tukiwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne, humo ndani bado ni Jumatatu saa tano usiku. Kila umri ukapungua siku moja.

Ningeweza kuweka `TZ=Africa/Dar_es_Salaam`, mpangilio unaolipa kontena saa zetu, nikaenda zangu, ila imeji (kiolezo cha kutengenezea kontena) ndogo kama Alpine haiji na faili za kanda za saa, na hapo mpangilio huo hupuuzwa kimyakimya. Nikaona heri zoezi lenyewe libadilike: "leo" sasa inaletwa kama data, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Waliokatwa alama usiku niliwarudishia.

Lile neno "Imeshindwa" nalo nimelivunja vipande. Mwanafunzi sasa anaambiwa kama ni jibu, muda au kumbukumbu, na anaonyeshwa jibu lake likiwa na herufi zake zisizoonekana. Pia nimeweka `PYTHONUNBUFFERED=1`, inayoiamuru Python itoe maandishi papo hapo bila kuyalimbikiza, maana programu iliyouawa katikati ilikuwa inakufa na `print` zake zote zikiwa bado hazijatoka, na kijana anaapa aliziandika.

Jambo ambalo halijanyooka ni muda. Kikomo chetu kinahesabu sekunde za saa ya ukutani, si kazi ya prosesa, hivyo jioni ya mwisho wa kupokea kazi, darasa zima likipakia kwa pamoja, programu nzuri huchelewa kwa sababu ya foleni tu. Kwa sasa nimeizuia seva isiwashe makontena zaidi ya manne kwa mpigo, na wanafunzi wanalalamika kwamba majibu yanachukua muda mrefu kurudi.