Nilisema stesheni, akasikia steshenari

Leo siku ya nne na bado nakisikia kile kicheko. Najua mtasema Mama Imu naye kaanza, ila ngoja nikiweke hapa labda kitanitoka.

Jumapili tulikuwa na ugeni, mahari ya wifi imepokelewa, mambo yakaisha salama, hayo nitawasimulia siku nyingine. Watu wameshakula, wako barazani wanasubiri kahawa, ndipo shemeji wa Dar akaliona daftari langu juu ya friji. "Shem, kumbe bado unaandika? Sasa Korogwe hapa kuna nini cha kuandika?" Nikamjibu bila hata kufikiri, birika mkononi: "Kuna stesheni." Akanitazama. Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Steshenari! Utaandika habari za kutoa kopi? Hapo zamani za kale tona iliisha!" Baraza zima likaangua kicheko, na Baba Imu naye akacheka, kidogo tu, lakini nilimwona.

Mimi nilisema stesheni. Ste-she-ni. Ya treni.

Na sikumsahihisha, hilo ndo linaloniuma kuliko hata kicheko chenyewe. Maana ningeanzia wapi? Nianze kumhadithia R. K. Narayan, yule mwandishi wa riwaya wa India, mbele ya wajumbe wa mahari? Nyie mmeshachoka naye, tangu nipate kile kitabu cha kumbukumbu zake sina mtu mwingine wa kumwongelea, lakini shemeji hajui lolote. Hajui kwamba mwaka 1930 kulikuwa na kijana wa Mysore, kusini mwa India, hana kazi ya kueleweka, mtihani wa kuingia chuo alishawahi kuufeli na somo lililomwangusha ni Kiingereza, hicho hicho alichokuja kuandikia riwaya zake zote. Kipindi hicho yuko kwa bibi yake Bangalore. Huyu bibi ndiye aliyemlea kule Madras, kwenye nyumba yenye tausi na kima, akamfundisha hesabu na kusoma, basi na siku ya kuanza kuandika kamchagulia yeye. Alichagua Vijayadashami, siku ambayo Wahindu wengi huwaanzishia watoto wao kusoma na kuandika. Kijana akanunua daftari akakaa, na kitu cha kwanza kilichomjia ni stesheni ya treni. Kastesheni kadogo tu, kana kibao cha jina, Malgudi. Mji wenyewe haupo kwenye ramani yoyote. Aliuandika kwa zaidi ya miaka 50.

Ndo maana nikasema kuna stesheni! Lilikuwa jibu zuri kuliko majibu yote niliyowahi kumpa mtu maishani, na limepotelea kwenye mvuke wa kahawa. Nimelirudia jikoni, nimelirudia bafuni, jana nimelirudia nikiwa kwenye bodaboda mpaka dereva akauliza, "Stesheni? Si umesema sokoni?" Kwa hiyo yeye anasikia vizuri. Kwa hiyo sio meno yangu.

Halafu nikawa namwonea wivu marehemu wa watu. Mwaka wake wa kwanza wa kuandika aliingiza rupia 9 na anna 12 (anna ni zile senti zao za zamani). Ualimu aliuacha fasta, mkuu wa shule alimwambia akashike kipindi cha michezo badala ya mwalimu mwingine, yeye akaona bora arudi nyumbani. Riwaya yake ya kwanza ilikataliwa Uingereza mara kadhaa mpaka akamwandikia rafiki yake aliyekuwa anasoma Oxford, aufunge ule mswada kwenye jiwe autose mto Thames. Rafiki hakuutosa, akaupeleka kwa Graham Greene, mwandishi wa Kiingereza, na mwaka 1935 kitabu kikatoka, jina akalichagua Greene na hata jina refu la mwandishi akashauri lifupishwe. Mimi rafiki yangu wa Oxford yuko wapi? Mimi nina shemeji.

Na ratiba yake sasa! Asubuhi anatoka kutembea Mysore, anapita sokoni, anasimamishwa na kila mtu, anasikiliza kesi za watu na madeni yao, na hiyo ndo kazi. Mimi nikisimama sokoni dakika tano naulizwa nyanya ziko wapi. Baadaye alipojenga nyumba kule Yadavagiri akajiwekea chumba cha kuandikia chenye madirisha manane, unaona kilima cha Chamundi, unaona treni zinapita, kumbe kazi haiendi, macho yote nje. Ikabidi aweke pazia la kijivu. Meza yangu mimi inatazama choo cha jirani kwa hiyo kwenye pazia nimeokoa hela.

Kitu kingine tunachofanana ni ubishi wa kahawa. Alipokwenda Marekani miaka ya 50 kila mgahawa wanamuuliza ya maziwa au nyeusi, yeye anawaambia wala sio hiyo wala sio ile, kahawa ya kweli ina rangi ya hudhurungi. Kwao Wahindi wa kusini kahawa inachujwa taratibu mpaka itoke nzito, ndipo inakutana na maziwa ya moto. Sisi huku kahawa tungu na kashata, nisingemshawishi, lakini tungebishana vizuri.

Sasa jana. Jana ofisini kaingia mzee mmoja, kavaa koti na jua lote lile, anataka kuchapiwa barua ya mpaka wa shamba. Kakaa kwenye kile kiti kibovu, mikono juu ya magoti, ananitamkia pole pole kama anamsomea mtoto imla. "Andika, mpaka wetu ni mwembe." Naandika. "Andika, mwembe wenyewe haupo." Nikaacha kuchapa. Nikamuuliza, babu, haupo tangu lini? Akasema tangu alipoukata yeye. Akanyamaza kidogo. "Hilo usiandike."

Aisee.

Nilimchapia, akalipa, akaondoka, mimi nimebaki nimeshika kibodi. Ndo nikamkumbuka Margayya, yule wa kwenye riwaya ya Narayan anayekaa chini ya mti mkubwa mbele ya benki ya ushirika na kijisanduku chake cha bati, ndani kuna wino na fomu za mkopo, wanakijiji wanapanga foleni kwake kabla hawajaingia benki. Kisa chenyewe alisimuliwa na ndugu yake, cha mtu wa kweli kabisa. Nikaiangalia meza yangu, fomu za NIDA, fomu za mkopo wa halmashauri, wino wa mhuri, na kile kiti. Nikaanza kucheka peke yangu mpaka dada wa M-Pesa akachungulia kuuliza kulikoni. Steshenari! Shemeji jamani. Stesheni yenyewe mimi naendaga mara ngapi kwa mwaka?

Nimeandika kurasa tatu usiku ule ule, umeme umekatika, tochi ya simu. Mwembe nimeuweka. Shemeji simwambii kitu.

Ila nina wasiwasi na yule kuku wangu wa madoa. Leo ni siku ya 23 anaatamia na hakuna yai lililogonga, na mama mkwe anasema nisiyaguse, na mimi nimeshayagusa.