Birmingham, kuifuata Spitfire ya dharura

Basi la kutoka London lilinishusha Digbeth kabla ya saa sita mchana, nikaenda kwa miguu hadi makumbusho ya Thinktank. Nilifuata ndege moja tu: Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, toleo la tisa (Mark IX), iliyoundwa mwaka 1944 kiwanda cha Castle Bromwich, humohumo Birmingham.

Wengi hupiga picha wakapita. Mimi niliganda, maana tofauti yake na Mark V iliyoitangulia unaiona kwa macho. Pangaboi lina panga nne badala ya tatu. Pua imerefuka. Chini ya mabawa kuna rejeta mbili kubwa zinazolingana. Mark V ilikuwa na kubwa bawa moja na kidude kidogo bawa la pili. Kila badiliko hapo limelipiwa kwa roho za marubani.

Mwaka 1941 Wajerumani walileta ndege yao ya kivita, Focke-Wulf 190, katika anga ya Ufaransa. Iliizidi Mark V mbio, ikaizidi kujibiringisha. Spitfire ikabakiwa na kukata kona tu. Juni 1942 rubani wa Kijerumani, Armin Faber, alipotea njia akatua Pembrey, Wales, na ndege yake nzima. Waingereza walipoijaribu, malalamiko ya marubani wao yakathibitika.

Dawa ikawa injini ya Merlin 61, ambayo awali ilikusudiwa ndege ya mabomu ya kuruka juu sana. Huko juu hewa ni nyepesi, injini hukosa pumzi. Merlin hii iliishindilia hewa mara mbili, kisha ikaipoza kabla haijaingia kwenye silinda. Wakaifunga kwenye bodi ya Mark V iliyoongezwa nguvu kidogo, kwani Mark VIII iliyokuwa ikisanifiwa isingewahi. Julai 1942 kikosi namba 64 cha kambi ya Hornchurch kikaanza kuzirusha Mark IX. Lakini Agosti, katika shambulio la Dieppe kwenye pwani ya Ufaransa, vikosi vingi vilikuwa bado na Mark V, na Uingereza ikapoteza takriban ndege 100 kwa siku moja. Jambo hilo bado linaniuma.

Alasiri nikapanda basi hadi Castle Bromwich. Kwenye kipilefti kuna sanamu za Spitfire tatu za chuma zinazopaa, kila moja na upande wake. Kiwanda hiki kilianza vibaya: hadi Mei 1940 hakikuwa kimetoa ndege hata moja. Lord Beaverbrook, waziri wa uundaji wa ndege, akabadilisha uongozi, na Juni zikatoka 10. Baadaye kilifikia zaidi ya 300 kwa mwezi, wanawake wengi wakiwa kwenye kazi hiyo. Uwanja ambako rubani wa majaribio Alex Henshaw alijaribu Spitfire zaidi ya 2,000 sasa ni mtaa wa makazi, Castle Vale.

Mark IX, iliyoundwa kuziba pengo, ilifikia zaidi ya 5,000. Sifa humwendea R. J. Mitchell, msanifu wa Spitfire aliyefariki mwaka 1937, na anazistahili. Ila Stanley Hooker, mhandisi wa Rolls-Royce, waundaji wa Merlin, aliyeipa Merlin pumzi ile, nataka atajwe sambamba naye. Safari ijayo ni Derby, alikofanyia kazi.