Daftari la msiba wa wavuvi wawili

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, upande wa kuelekea Gombe, ambako hakuna barabara ya gari na kila kinachoingia au kutoka, kuanzia mfuko wa saruji hadi mgonjwa, hupanda boti. Usiku mmoja wa Septemba 2023 majambazi wenye bunduki waliwavamia wavuvi wetu ziwani, wakachukua injini 3 pamoja na taa na betri, wakawaua watu 2 na kumjeruhi mkononi kijana wa miaka 18. Kuhusu tukio lenyewe sitaeleza zaidi ya hapo. Ninayotaka kuyaandika ni yaliyofuata, kwa sababu nilipewa kazi ambayo sikuwahi kuifanya, na nusu yake niliifanya vibaya.

Kwa msomaji asiyelijua ziwa letu, dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, hivyo wavuvi hupumzika, hushona nyavu na kulala majumbani kwao. Mwezi ukipungua wanaingia tena, na siku hizo ndizo tunazoziita giza. Alfajiri ya siku za giza wanawake wenye biashara ya dagaa huwa wamekwisha kufika mchangani na mabeseni yao, wakisikiliza, na wengi wao huitambua kila mashine kwa mlio wake kabla mtumbwi haujaonekana. Asubuhi ile hawakusikia mlio wowote. Mitumbwi ilitokea kwenye ukungu ikipigwa makasia, polepole mno, na kabla haijagusa mchanga kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekwisha kuliweka beseni lake chini na kukaa.

Kamati ya msiba iliundwa palepale, na mimi nikafanywa katibu kwa sababu isiyo na heshima kubwa: mwandiko wangu unasomeka. Nilikwenda shuleni, nikachukua daftari jipya la kurasa 96, nikachora safu 3, yaani jina, kitu na kiasi. Nilidhani kazi itakuwa hiyo tu.

Jambo la kwanza lililotushinda halikuwa la fedha. Mmoja wa marehemu alikuwa Mwislamu na mwenzake Mkatoliki, na ndugu wa yule Mwislamu walitaka azikwe kabla ya alasiri kama ilivyo desturi, ilhali polisi walieleza kwamba mtu aliyeuawa lazima mwili wake uchunguzwe na daktari kwanza, na daktari yuko mjini. Majeruhi naye alihitaji fomu ya polisi, ile PF3, pamoja na matibabu ambayo zahanati yetu haina uwezo nayo. Palizuka maneno makali pale mchangani, na kijana mmoja aliapa kwamba mjomba wake hatapasuliwa na mtu. Sheikh wetu hakutoa hotuba. Aliuliza boti itachukua saa ngapi kwenda na kurudi, akahesabu, kisha akawaambia vijana waanze kuchimba kaburi muda uleule ili miili ikirudi pasiwepo cha kusubiri. Mikono ilipopata kazi sauti zilishuka. Nimelikumbuka hilo mara nyingi tangu siku ile.

Miili ilirudi jua likiwa limezama nyuma ya milima ya Congo. Tulimzika yule Mwislamu baada ya isha, na kwa kuwa hatuna umeme makaburini, wavuvi walileta taa zao za ziwani, zile zilizonusurika, wakazifunga kwenye fito kuzunguka kaburi. Taa hizo zina mwanga mkali mweupe unaovuta wadudu kwa maelfu, na wadudu walitua kwenye kanzu, kwenye jeneza, kwenye nyuso za watu waliokuwa wakirusha udongo, bila mtu yeyote kuinua mkono kuwafukuza. Mkatoliki alizikwa kesho yake mchana, baada ya kaka yake kufika kutoka Uvinza.

Kwa kuwa nyumba za marehemu hazikuachana hata hatua 100, kamati iliamua litandikwe turubai moja katikati, jiko liwe moja, na mbuzi achinjwe na Mwislamu ili kila mtu ale bila kuuliza. Wapo waliosema kwamba kila familia ina haki ya msiba wake. Huenda walikuwa na hoja, lakini hatukuwa na sufuria kubwa za kutosha misiba miwili, na mara nyingine uhaba huamua vizuri kuliko kikao.

Chini ya turubai hilo ndipo nilipoelewa kwamba msiba wa mtu aliyeuawa haufanani na wa mtu aliyeugua. Aliyefiwa na mgonjwa huambiwa pole. Aliyefiwa kwa bunduki huulizwa. Kila aliyefika kuhani alitaka kujua ilikuwaje, na wote walimwendea yule kijana majeruhi, ambaye alirudi siku ya tatu akiwa na bandeji hadi begani. Nilimwona akisimulia mara ya kwanza, ya pili, ya tano, na kila mara sauti yake ilizidi kuwa tambarare kama ya mtu anayesoma tangazo. Mara ya sita alinyanyuka katikati ya sentensi, akaenda kutapika nyuma ya choo. Jioni hiyo kamati iliweka sharti lililotangazwa na mwenyekiti wa kijiji mwenyewe: anayetaka kujua amuulize mwenyekiti, na asiwepo wa kumuuliza kijana. Tuliongeza la pili kuhusu simu, kwani palikuwa na picha ya mmoja wa marehemu iliyopigwa mchangani na kuanza kusambaa. Nilikaa mlangoni mwa duka na vijana wakaifuta mmoja baada ya mwingine mbele yangu. Sijidanganyi kwamba iliisha kabisa, ila watoto wake hawakuionea kijijini.

Kijana mwenyewe hakutaka kuzungumza na mtu. Usiku, mashine ya boti yoyote iliponguruma alikuwa akitoka nje na kusimama ukutani hadi ipite. Afisa ustawi wa jamii alikuja mara moja kutoka mjini, akakaa naye kwa muda mrefu, akatuachia maelekezo mazuri. Lakini kati ya mara moja na siku zote kuna pengo, na pengo hilo lilizibwa na mzee mmoja fundi wa nyavu, ambaye kila alasiri alimwita kijana amshikie wavu kwa mkono wake mzima. Mzee huyo ni mkali na haongei. Nilipita pale mara kadhaa, nikawakuta wamenyamaza wote wawili, wavu umetandazwa magotini, mzee akipitisha sindano ya mti tundu kwa tundu. Ilichukua wiki nyingi, na sikuwahi kuambiwa walizungumza nini, kama walizungumza.

Shuleni nilikuwa na wanafunzi 3 ambao ni watoto wa marehemu hao, katika madarasa mawili. Wiki ya pili niliwakuta watoto wakati wa mapumziko wakicheza majambazi: wawili wameshika fimbo kama bunduki, wengine wamelala chini, na mmoja wa waliolala alikuwa mtoto wa marehemu. Nilichukua fimbo zile kwa hasira na nikakaribia kuwachapa. Muuguzi wa zahanati, ambaye ni jirani yangu, aliniambia usiku ule kwamba mtoto hana msemo mwingine wa kulisema jambo hilo, na kwamba niwaache wacheze lakini nisiwe mbali. Nikafanya hivyo bila kuamini. Siku chache baadaye mchezo ulipata kitu kipya: ilitokea boti ya polisi, halafu boti ya akina mama wenye chakula, na mtoto wa marehemu akawa ndiye nahodha wake.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana ndilo lililonipa usiku wa kukesha. Siku 3 za kwanza vitu vilimiminika. Unga, mchele, migebuka mikavu, mawese, kuni, rambirambi za shilingi 500, 1,000, 2,000, hata debe la chumvi ambalo sikujua la nini. Tulipika, tukala, na siku ya nne, baada ya kuanua matanga, niliona ukurasa mtupu. Hakuna aliyekuwa mchoyo; kila mtu alikuwa ametoa alichokuwa nacho wakati mmoja. Lakini mjane mmoja alikuwa ameanza eda ya miezi 4 na siku 10, hawezi kwenda mchangani kununua dagaa, hawezi kuanika, na huo ndio uliokuwa mlo wa nyumba yake. Mjane wa pili hakuwa na eda, ila hakuwa na mtaji wala nguvu ya kuliangalia ziwa.

Nilichofanya kilionekana ni cha kiofisi mno, na wapo walionicheka. Nilizunguka kaya kwa kaya na kuwaomba watu waliokuwa bado hawajatoa wasitoe kwanza, bali waniambie watatoa wiki gani. Wengine nikawaomba wasilete kitu, walete siku: Jumanne nitateka maji, Ijumaa nitaanika dagaa wa mjane pamoja na wangu na kuwageuza jua likipanda. Nikayaandika yote kwa tarehe, na kila Jumapili jioni nikapita kukumbusha, jambo lililonifanya nichukiwe kidogo kama mdai. Mpango ulikwenda kwa kuchechemea. Wiki moja hakuna aliyeteka maji, na mimi na mke wangu tukateka. Hata hivyo ulidumu, na ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kijiji kizima kikawa hakina kipato, orodha ile ile ya zamu ilitumika kuwasaidia wengi zaidi ya wafiwa.

Lipo jambo ambalo ningependa kuliruka. Manusura walisema majambazi walizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya ng'ambo. Kijijini kwetu tuna familia 4 zilizovuka kutoka Congo wakati wa vita vya mwaka 1996, na watoto wao wamezaliwa hapa, nimewafundisha mimi. Kabla ya matanga kuanuliwa, dukani walikuwa hawakopeshwi tena, na mitumbwi ilikuwa haiwachukui vijana wao. Mwenyekiti, sheikh na katekista walisimama pamoja na kusema kwamba mwenye habari aipeleke polisi na kwamba kutaja jina la jirani chini ya turubai ni marufuku. Maneno yalitulia, macho hayakutulia. Aliyeyabadilisha kidogo ni mama mzazi wa marehemu Mwislamu, ambaye alituma mtu amwite bibi mmoja wa familia hizo, rafiki yake wa miaka mingi, akae naye ndani. Watu waliokuja kuhani wakalazimika kuwapa pole wote wawili. Wapo wanaonuna hadi leo.

Na mimi je? Mimi nilikuwa nikisema maneno ya mwenyekiti kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mwishoni mwa Januari 2024 eda iliisha, na mjane akamtuma mtoto aniambie niende na daftari. Nilimkuta ameketi barazani, amevaa gauni jipya, na kitu cha kwanza alichofanya ni kulichukua daftari na kuanza kusoma tangu ukurasa wa kwanza, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari. Amemaliza darasa la saba na hesabu zake ni kali.

"Mwalimu, hapa umeandika unga kilo 5. Zilikuwa 3."

Nikasahihisha. Akaendelea, akanyamaza, akarudi nyuma kurasa mbili, akatafuta tena.

"Mbona bibi wa ng'ambo simwoni?"

"Hakuleta kitu, shemeji," nilimjibu, na nikajua wakati nikilitamka kwamba hiyo haikuwa sababu.

"Amefagia uwanja huu kila alfajiri, siku zote 40. Wewe ulikuwa ukipita hapa kwenda shule. Ulidhani unajifagia wenyewe?"

Nilitoa kalamu. Kwenye safu ya jina niliandika jina lake, kwenye safu ya kitu nikaandika kufagia, na kwenye kiasi nikaandika siku 40. Mjane aliusoma mstari huo, akanirudishia daftari na kuniambia nigeuze ukurasa, kwa kuwa walikuwepo wengine, na akaanza kunitajia.