Mazoezi Niliyoyakosa Miaka Miwili ya Kwanza

Nilipopewa cheti cha kumiliki bastola nilikuwa nimeshavamiwa dukani mara mbili, na niliamini kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ni kujua kulenga. Kwa miaka miwili nilikwenda uwanja wa shabaha karibu kila mwezi, nikasimama mbele ya karatasi iliyotundikwa umbali wa mita 10, nikafyatua risasi 50, nikahesabu matundu na kurudi Thika nikiwa nimeridhika. Matundu yalizidi kukaribiana. Sikuelewa kwamba nilikuwa nimejifunza sehemu moja tu ya ulinzi, tena ile iliyo nyepesi kuliko zote, kwa sababu karatasi haisogei, haisemi, haina mtoto nyuma yake, na haimlazimu mtu kuamua lolote.

Aliyenifumbua macho ni mkufunzi mmoja, afisa mstaafu, ambaye siku ya kwanza hakuniruhusu kufyatua hata risasi moja. Alinikabidhi bastola ya mpira ya rangi ya buluu, akanipeleka katika nyumba tupu yenye korido ndefu, akazima taa na kuniambia kwamba ni saa nane usiku na nimesikia kishindo jikoni. Nilinyanyuka, nikaifuata ile korido bastola ikiwa mbele yangu, nikakata kona, nikaona mtu ameshika kitu kinachong'aa. Nikabonyeza. Mkufunzi akawasha tochi. Mbele yangu alikuwa amesimama msichana mwanafunzi wake, mkononi ana bilauri.

"Mama Njeri," akaniambia kwa upole, "huyo ni Njeri. Alikuja kunywa maji."

Niliketi sakafuni. Mikono ilinitetemeka kwa muda mrefu, na binti yule akaja akaketi kando yangu bila kusema neno.

Tangu siku hiyo zoezi la nyumbani ndilo ninalolirudia kuliko mengine yote, na limebadilika kabisa. Sitoki tena kwenda kumtafuta mtu gizani. Ninawakusanya watoto katika chumba kimoja, ninafunga mlango, ninapiga simu 999 au 112, kisha ninakaa mahali ambapo mlango uko mbele yangu na ukuta uko nyuma yangu. Tochi ninaishika kwa mkono wa pili, mbali na bastola, kwa sababu anayemulika kwa tochi iliyofungwa kwenye silaha humwelekezea mtutu kila anayetaka kumtambua, hata mwanawe. Halafu ninaita kwa sauti: "Nani?" Neno hilo moja, ambalo sikulitamka siku ile, tumelifanyia mazoezi mpaka limekuja kinywani kabla ya kidole kukaribia kifyatulio.

Hali ya pili ni ya mtu mwenye kisu au panga. Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City nchini Marekani, aliandika kwamba mtu mzima wa kawaida anaweza kukimbia umbali wa futi 21, yaani mita 6 na nusu hivi, kwa sekunde moja na nusu. Tuliupima umbali huo uani kwa utepe. Kijana mmoja alinikimbilia akiwa na fimbo ya sponji, nami nikajaribu kuchomoa bastola ya mpira iliyokuwa chini ya koti. Mara ya kwanza alinigusa bega kabla mkono wangu haujatoka ndani ya koti. Mara ya tano nilimwahi, lakini kwa sababu tu nilikuwa nimejifunza kuruka kando na kuiweka meza katikati yetu. Hapo ndipo nilipoacha kubeba bastola katika mkoba, ingawa wanawake wengi wenye leseni hushauriwa kuibeba humo hata na watu wanaowatakia mema. Mkoba ndicho kitu cha kwanza ambacho mwizi hunyakua, na ukiondoka na silaha ndani yake, sasa ni yeye aliye na bastola. Ala imara kiunoni, inayofunika kifyatulio chote, haina mbadala kwa maoni yangu.

Garini mambo ni mengine tena. Mkanda hulala juu ya koti, usukani hubana mkono, na pikipiki yenye watu wawili inaweza kufika dirishani wakati unasubiri geti lifunguliwe. Nilichofundishwa kwanza ni kusimama mahali ambapo bado ninaona magurudumu ya gari la mbele, ili niwe na nafasi ya kuondoka, kwani gari lenyewe ndilo njia ya kutokea. Na iwapo mtu ameshanielekezea mtutu, ninatoa funguo. Gari lina bima.

Sheria nayo inastahili kufanyiwa mazoezi, na hili sisemi kwa sababu ya woga. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, kinaagiza kwamba hatia ya mtu aliyetumia nguvu kujilinda au kulinda mali ipimwe kwa misingi ya sheria ya Uingereza iliyojengwa na hukumu za majaji. Kwa lugha ya kawaida, mahakama itauliza kama kweli niliamini kwamba nimo hatarini, na kama nguvu nilizotumia zililingana na hatari hiyo. Mwizi anayekimbia na pesa za mauzo amenipa mgongo, na hatari yangu imekwisha. Mkufunzi wetu huweka zoezi hilo katikati ya mazoezi ya kasi, bila kutuonya, na bado wapo wanaofyatua.

Siku magaidi walipovamia Westgate, jengo la maduka jijini Nairobi, tarehe 21 Septemba 2013, ambapo watu 67 waliuawa, raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa waliotangulia kuingia kuokoa watu. Abdul Haji aliingia na bastola yake baada ya kupata ujumbe kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa ndani. Ninawaheshimu sana watu hao. Hata hivyo picha za siku ile zinanikumbusha pia kwamba raia aliyevaa jinzi na kushika bastola hawezi kutofautishwa haraka na mshambuliaji, na kwa hiyo tunajizoeza lile ambalo mtu husahau hatari inapopita: kurudisha silaha katika ala, kuinua mikono mitupu, na kutii kila amri ya polisi hata kama inatamkwa kwa ukali.

Mazoezi ya nyumbani ya kufyatua bila risasi huchukua dakika 10 tu. Magazini, yaani kibweta cha risasi, hutolewa, chemba ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa hukaguliwa kwa macho na kwa kidole, na risasi zote hubaki ndani ya sefu katika chumba kingine.

Linalonishinda mpaka sasa ni la mtoto mkononi. Kitinda mimba wangu ana miaka mitatu, na mara nyingi ninashuka garini nikiwa nimembeba, kwa hiyo mkufunzi alinipa mfuko wa unga wa kilo 10 niukumbatie kwa mkono wa kushoto huku nikichomoa kwa wa kulia. Koti linakwama. Mfuko unateleza, nami ninainama kuudaka, na katika kuinama huko mtutu unayumba kuelekea miguuni mwangu. Kwa sasa ameniagiza nisiiguse bastola kabisa nikiwa na mfuko ule. Nikimbie nao hadi nyuma ya injini ya gari, niuweke chini, nipige magoti mbele yake, ndipo mkono uende kiunoni. Jumamosi nitalirudia.