Meza Zenye Wenyewe

Safari ile ilikuwa zawadi yangu kwa mama. Tangu astaafu alikuwa akisema anatamani kukaa mahali aangalie bahari tu, bila kupika wala kufua. Nikaweka akiba hadi nikapata chumba katika hoteli ndogo ya ufukweni.

Tulifika usiku, tumechoka. Mama, kama kawaida yake, ndiye aliyetangulia kusalimia. Kijana wa mapokezi hakuinua uso kutoka kwenye simu. Alisukuma daftari kwetu, akasema, "Jaza hapo." Mama akarudia salamu akidhani hakusikika. Alisikika. Nilimwona yule kijana akibetua midomo.

Chumba sikisemi sana: shuka zilikuwa na nywele za mtu mwingine, na maji ya moto hayakutoka. Hayo huvumilika. Kilichoniuma kilitokea kesho yake mchana, kwenye ukumbi wa chakula.

Meza za upande wa baharini zilikuwa tupu zote. Mama akaiendea mojawapo, akavuta kiti. Mhudumu alikuja mbio, akakishika kile kiti na kukirudisha chini ya meza wakati mkono wa mama ungali juu yake. "Hizi zina wenyewe," akasema, akatuonyesha meza iliyobanana na mlango wa jikoni. Mama ana magoti mabovu. Alibaki ameegemea ukingo wa meza, akinitazama mimi, kisha akatembea polepole hadi tulikoelekezwa. Tulikula tukipishana na wabeba sahani, mlango ukimgonga begani kila ulipofunguliwa. Hadi tunanyanyuka, hao wenyewe hawakutokea.

Nje nako hivyohivyo. Niliwauliza watu waliokaa kivulini njia ya kuteremkia ufukweni. "Kwani simu yako haina ramani?" mmoja akajibu, wenzake wakacheka.

Jioni nikamfuata meneja. Alinisikiliza huku akihesabu risiti, kisha akaniambia kuwa wageni huja na kuondoka, na wasiporudi hawa watakuja wengine.

Julai 2024, nilipoona picha za waandamanaji wa Barcelona wakiwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, kwa hasira ya kodi za nyumba kupanda, niliwakumbuka watu wa mji ule. Huenda nao walikuwa na yao. Kuishi mahali ambapo kila chumba kizuri ni cha mgeni si jambo dogo, na mtu ana haki ya kuidai serikali yake. Lakini mama yangu hakumpandishia mtu kodi. Alitoa salamu na kuomba kiti, basi.

Usiku ule aliniambia, "Mwanangu, bahari nimeshaiona. Twende zetu." Asubuhi nikafunga mizigo. Pesa za siku zilizobaki walikataa kunirudishia, nami sikuzigombania. Nilikuwa na haraka ya kumtoa mama pale.