Kizunguzungu cha mtu wa Kitale

Jana mwenzangu wa kazini, Mswisi mwenye roho safi kabisa, aliniuliza mbele ya watu kama kichwa hakinizunguki. Tulikuwa ndio tumeshuka treni Schynige Platte, juu ya Interlaken, karibu mita 2,000. Akanipa na chupa yake ya maji. Nilicheka, lakini bado inanikereketa. Jamani, mimi ni wa Kitale, Kenya! Mji wenyewe uko kwenye mita 1,900 na sisi tunalima mahindi hapo, hatuzimii. Kwao huku, urefu huo miti inaanza kukata tamaa.

Na nauli! Hata kwa kadi ya nusu nauli, nilichotoa kingeninunulia gunia la mahindi nyumbani, na chenji ya kuku.

Lakini maua, niseme ukweli, yalinituliza. Kuna jentiana, bluu kama wino wa kalamu, fupi mpaka upige magoti ndipo ulione vizuri. Theluji ikiyeyuka yana wiki chache tu za kuchanua na kutoa mbegu kabla hayajafunikwa tena, kwa hiyo yanafumuka yote pamoja kama watoto wa shule kengele ikilia. Kule kwetu juu ya Mlima Elgon hakuna haraka hiyo. Mchana jua, usiku maji yanaganda, hivyo hivyo mwaka mzima. Senesio, mimea mikubwa ya huko mlimani, zinarefuka kumpita mtu, na usiku zinakunja majani kufunika chipukizi. Niliziona kidato cha pili, tulipoingilia lango la hifadhi, la Chorlim, nikanung'unikia baridi siku nzima.

(Wewe unayepanga kuja: hiyo kadi ikate kabla hujanunua koti, beba chapati zako, na usichume ua. Mengi yanalindwa na sheria, na wazee wa huku hawanyamazi.)

Mwisho nikaoneshwa edelweiss, ua lao la kujivunia, jeupe lenye manyoya. Nikampigia Mama simu ya video nimwoneshe.

"Si ni kama yale meupe makavu ya kule mlimani?" akauliza.

Hakukosea sana. Yale ya Elgon na hili ni wa ukoo mmoja. Nikamtafsiria mwenzangu, akabaki mdomo wazi. Hapo nikavimba kichwa kidogo.

"Na treni ulilipa ngapi, baba?"

Nikamwambia mtandao unakatika.